Neno "sanction": lini ni idhini, lini ni vikwazo

Nafasiri nyaraka za miradi, mikataba na kanuni, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kama kuna neno ninalowasihi wafasiri wachanga walisome mara mbili kabla hawajaandika chochote, ni "sanction". Linabeba ruhusa ya mamlaka, na hilohilo linabeba adhabu ya mamlaka. Ukilikosea, aliyeruhusiwa anasomeka kuwa amekatazwa.

Nilijifunza kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa taarifa ya mradi wa uvuvi wa pweza iliyokuwa na maneno "fishing days sanctioned by the village council". Nikaandika: siku za uvuvi zilizowekewa vikwazo na halmashauri ya kijiji. Waraka ukabandikwa kwenye ubao wa kijiji. Mkutanoni mzee mmoja akasimama na kuniuliza, "Mwanangu, siku hizi tulizipanga sisi wenyewe kwa kura. Nani tena kazifunga?" Wapo waliokuwa wameshaacha kwenda mwambani siku ambazo walikuwa na haki ya kwenda, na maji ya bamvua hayamngoji mtu. Tangu hapo sifasiri neno hili bila kupita hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Elewa lilikotoka

Asili yake ni Kilatini, kitenzi "sancire", yaani kuifanya amri iwe takatifu, iwafunge watu. Katika sheria za Warumi, "sanctio" ilikuwa ile sehemu ya sheria inayotaja kitakachompata atakayeivunja. Kwa hiyo tangu zamani mambo mawili yalikaa pamoja: kuipa sheria nguvu, na kumtisha mvunjaji. Kiingereza kilirithi yote mawili.

Napenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba neno letu idhini nalo lina jirani wa ibada: kwa Kiarabu lina shina moja na adhana. Ila lenyewe halikugeuka kuwa adhabu, na ndiyo maana Kiswahili kinatulazimisha kuchagua upande.

Hatua ya 2: Kama ni nomino, tazama umoja na wingi

Likiwa katika umoja, bila "a" mbele yake, na pembeni yake kuna maneno kama "official", "give", "with the" au "without the", karibu kila mara ni idhini. "Without the sanction of the court" ni bila idhini ya mahakama.

Likiwa katika wingi, "sanctions", likifuatana na "on", "against", "impose" au "lift", ni vikwazo. Wengi wetu tulilizoea neno vikwazo kupitia redio. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea nchi hiyo vikwazo vya kiuchumi, na havikusitishwa hadi Januari 1999. Kabla yake, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Rhodesia vikwazo vya lazima mwaka 1966. Hapo hakuna utata.

Utata uko katikati: "a sanction", kimoja, chenye kuhesabika. Mara nyingi hiki ni adhabu, hasa kwenye kanuni za kazi na za shule. "A disciplinary sanction" ni adhabu ya kinidhamu. Tafadhali usiandike kikwazo hapo. Mfanyakazi aliyechelewa kazini hawekewi kikwazo; anapewa onyo, anakatwa mshahara, anasimamishwa. Kikwazo ni kitu kinachokwaza mguu, na kwa matumizi ya leo vikwazo ni vya nchi, makampuni na vigogo.

Hatua ya 3: Kama ni kitenzi, uliza nani au nini kinatendewa

Hapa ndipo kazi ilipo. Tafuta yambwa ya kitenzi, yaani anayetendewa au kinachotendewa. Ikiwa ni jambo au tendo, kama malipo, safari, mpango au mkutano, basi ni kuidhinisha. "The board sanctioned the payment": bodi iliidhinisha malipo. Ikiwa ni mtu, kampuni au nchi, basi ni kuadhibu au kuwekea vikwazo. "The court sanctioned the lawyer": mahakama ilimwadhibu wakili.

Kanuni hii imeniokoa mara nyingi kuliko kamusi yoyote, kwa sababu kamusi itakupa maana zote mbili na kukuacha njia panda.

Hatua ya 4: Jihadhari na "sanctioned" iliyokaa kama kivumishi

Hii ndiyo iliyoniangusha mimi. Mtendaji anaweza kuwa amefichika, na kanuni ya hatua ya tatu inaanza kuyumba. Linganisha: "state-sanctioned violence" ni ukatili uliofanywa kwa baraka za serikali. "Sanctioned oil" ni mafuta yaliyo chini ya vikwazo, ingawa mafuta ni kitu, si mtu. "Sanctioned vessel" ni meli iliyowekewa vikwazo. Lakini "a sanctioned race" kwenye riadha ni mashindano yanayotambuliwa rasmi na chama husika.

Ndondi nayo ina mtego wake. Mashirika kama WBC, WBA, IBF na WBO huitwa "sanctioning bodies", na bondia anayegombea mkanda hulipa "sanctioning fee". Hiyo ni ada ya kuidhinisha pambano. Ukiandika ada ya vikwazo, msomaji atadhani bondia ametozwa faini kabla hajarusha hata ngumi moja.

Kwenye kivumishi, kwa hiyo, usiangalie neno pekee. Rudi aya nzima nyuma. Je, habari inahusu biashara ya kimataifa, benki na bandari? Huenda ni vikwazo. Inahusu michezo, bajeti, ratiba, vikao? Huenda ni idhini.

Hatua ya 5: Jua aliyeandika ni nani

Nyaraka kutoka India hutumia neno hili kwa maana ya idhini bila wasiwasi wowote. "Sanction letter" ya benki ni barua ya kuidhinisha mkopo, na "sanctioned posts" ni nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Nimekutana nazo kwenye mikataba ya vifaa na ya ujenzi, na anayeziona mara ya kwanza hushtuka bure.

Mwandishi aliyelelewa kwenye Kifaransa, wa Bujumbura au Lubumbashi tuseme, anaweza kuegemea upande wa pili, kwa kuwa katika Kifaransa cha leo maana ya adhabu ndiyo inayotangulia kichwani. Akiandika Kiingereza, huenda amemaanisha adhabu hata pale ambapo Mwingereza angesoma ruhusa.

Hatua ya 6: Chagua neno la Kiswahili linalofaa

Ukishajua ni upande wa ruhusa, bado hujamaliza. Ruhusa ni pana. Hata mama humpa mtoto ruhusa ya kwenda kucheza. Kibali kwa kawaida ni kitu unachoweza kukishika, karatasi yenye muhuri. Leseni ni ya kufanya shughuli kwa muda maalumu, nayo siitumii kabisa kwa "sanction". Ridhaa hutoka moyoni mwa mwenye haki, kama mgonjwa anayekubali kupasuliwa. Idhini ni uamuzi wa mwenye mamlaka, na mara tisa kati ya kumi ndiyo ninayoitumia.

Ile mara ya kumi huenda neno likawa baraka. Pale Kiingereza kinaposema mamlaka hazikutoa karatasi yoyote ila zilijua na kuafiki, "kwa baraka za uongozi" hulenga shabaha kuliko idhini. Na pale mila au dini ndiyo inayokubali jambo, andika limehalalishwa na mila.

Hatua ya 7: Pima, kisha uliza

Kwenye sentensi ya Kiingereza, weka "approved" mahali pa "sanctioned", usome. Kisha weka "punished", usome tena. Kwa kawaida moja itakataa yenyewe. "Fishing days punished by the village council" haina maana. Laiti ningefanya jaribio hilo siku ile.

Zikikubali zote mbili, usibahatishe. Mwandikie aliyekutuma kazi, umnukulie sentensi nzima na ukurasa wake, umuulize swali lenye majibu mawili tu: hapa unamaanisha kuruhusu au kuadhibu? Ukimuuliza tu neno hili lina maana gani, atakujibu kwa kukutumia kamusi. Jibu lake lihifadhi pamoja na rasimu, kwa sababu neno hilo litarudi kwenye kiambatisho, na mara nyingi kiambatisho ndicho kinachobandikwa ubaoni.