Kisiki Hai: kurudisha miti shambani bila kununua miche

Kabla hujatoa hela ya miche, kagua visiki vilivyomo shambani mwako. Katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, mti uliokatwa zamani mara nyingi bado una mizizi hai iliyozama chini, na huchipua kila mwaka. Machipukizi hayo hufyekwa na jembe, huliwa na mbuzi au huungua kabla hayajawa kitu. Mche wa kitaluni unaanza na mizizi mifupi, na mara nyingi kiangazi cha kwanza huuua.

Fanya kazi hii kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, mti ukiwa umepumzika na wewe huna palizi. Pale panapoonekana kichaka kifupi tu, fukua kidogo na utakuta kisiki. Ukiwa na shaka, kwangua gome kwa ncha ya kisu: rangi ya kijani yenye unyevu ina maana kiko hai. Shamba la mazao lichukue visiki kama 40 kwa ekari, yaani hatua kumi hivi kati ya mti na mti. Malishoni waweza kuacha vingi zaidi. Mkwaju, mninga na mpingo ni vya kutunza bila kujiuliza. Ukibahatika kuwa na ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua, upe nafasi ya kwanza, kwa sababu hauyanyimi mahindi mwanga na majani yake hurutubisha udongo. Mathenge, ule mti wa kigeni wenye miiba, usiupogolee, ng'oa na mizizi yake, maana ukishaenea haukuachii shamba.

Kwenye kila kisiki chagua machipukizi matano yaliyonyooka, manene, yaliyotokea karibu na ardhi. Yaliyoota juu ya kisiki hushika gome tu, na upepo huyabandua. Mengine yote kata yaishe usawa wa kisiki. Wengi hubakiza moja ili likue haraka, halafu mbuzi mmoja anamaliza kazi ya mwaka mzima. Punguza hadi mawili au matatu mwaka unaofuata, ukishajua yapi yamestahimili.

Kisha ondoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kila shina. Theluthi ya juu isiguswe kamwe: shina lililovuliwa majani mno hurefuka jembamba na kulala chini mvua ya kwanza ikija na upepo. Tumia panga kali au msumeno. Anza na mkato mdogo upande wa chini wa tawi, ndipo umalizie kutoka juu. Bila hivyo tawi linaanguka na kuchuna gome, na hapo mchwa na ukungu huingia.

Funga kitambaa cha rangi kali kwenye shina, anayeendesha plau akione kwa mbali. Matawi yenye miiba yapange kuzunguka kisiki kuzuia mbuzi, yaliyobaki ni kuni zako za kwanza. Rudi baada ya miezi miwili au mitatu, tena katikati ya masika, kuondoa machipukizi mapya.

Mifugo ndiyo mtihani mkubwa, na hapo juhudi za mtu mmoja hazitoshi. Wasukuma wa Shinyanga waliliona hilo: ngitili zao, maeneo yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, zilipanuka sana baada ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanza mwaka 1986, kwa kuwa jamii yenyewe ilisimamia na kutoza faini. Peleka suala hili mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye sheria ndogo, pamoja na katazo la kuchoma mabaki ya mazao.

Baada ya miaka mitatu hivi, kulingana na mvua na aina ya mti, utapata fito. Vuna shina moja kwa kisiki, ukate karibu na ardhi, kisha uchague chipukizi moja la kulirithi. Shina la pili lisiguswe mpaka hilo chipukizi lifikie unene wa kifundo cha mkono.