Kitunguu saumu ndani ya mafuta, bila sumu

Alisini, kemikali iliyomo ndani ya kitunguu saumu, huzuia bakteria wengi, lakini tafadhali usiitegemee peke yake. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo spora (chembe zilizolala) za bakteria Clostridium botulinum huamka na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Kinga ni asidi.

Koroga gramu 15 za asidi ya sitriki katika mililita 485 za maji. Menya saumu, katakata vipande visivyozidi milimita 6. Kikiwa kikubwa, asidi haifiki katikati. Gramu 100 za saumu ziloweke katika gramu 300 za maji hayo kwa saa 24. Vinavyoelea vigandamize kwa kisahani. Chuja, tia gramu 1000 za mafuta.

Saumu ya ndani ya mafuta ambayo haikulowekwa kwenye asidi: friji, siku 4, kisha tupa.