SOMO: Kuchuja vituo kwenye PSK Reporter mpaka umpate unayemtafuta

Wakuu, naona watu wanafungua pskreporter.info, wanakuta Ulaya nzima imejaa vialama vya rangi, wanafunga wanasema hii kitu haituhusu. Inatuhusu sana ila hujachuja. Kwa wageni, hii ni ramani ambayo vituo vya redio za ridhaa (ham radio) duniani vinapeleka ripoti vyenyewe kwa kompyuta, kwamba nimemsikia fulani kwenye masafa fulani, na siku hizi nyingi ni FT8, yaani ujumbe mfupi wa kidijitali ambao kompyuta inautuma na kuusoma kupitia redio. Ni bure na hujisajili popote.

Hatua ya 1. Pale juu ya ramani kuna visanduku vimepangwa kama sentensi, ndo filta yenyewe. Isome kuanzia kushoto: bendi ipi (kundi la masafa, mfano mita 10 au mita 40), ishara zilizotumwa au zilizopokelewa, na nani, kwa modi gani (aina ya utumaji, mfano FT8), ndani ya muda gani. Anza na mlango wazi, yaani bendi zote, modi zote, masaa 24. Mtu anaanza na mita 10, dakika 15, halafu analalamika ramani tupu!

Hatua ya 2. Chagua upande. Ukiweka "sent by" unaona huyo mtu amesikika wapi, ukiweka "rcvd by" unaona yeye kawasikia akina nani. Hapa ndo wengi wanachanganya. Ukitaka vyote chagua "sent/rcvd by".

Hatua ya 3. Nani? Kama una kolisaini yake (herufi na namba za utambulisho wa kituo) andika, imeisha. Kama huna, tafuta kwa nchi, unaandika kolisaini yoyote ya nchi hiyo (Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Oman A4). Mimi lakini naipenda gridi (kisanduku cha ramani chenye herufi mbili na namba mbili) kuliko zote, kwasababu huku kwetu vituo ni vya kuhesabu na gridi inakuletea hata mgeni aliyepita na redio yake wiki hii ambaye hukujua kama yupo. Dar na Unguja mjini ni KI93, Mombasa KI95, Nairobi KI88, Arusha KI86, Mwanza KI67, Muscat LL93. Watu wa Mtwara mjini angalieni, nyie mmeshavuka nyuzi 40 mashariki na 10 kusini kwa hiyo herufi zote mbili zinabadilika, ni LH09. Lamu nao ni LI07 sio KI.

Hatua ya 4. Sasa ndo unabana, bendi moja moja, kisha muda. Bonyeza kialama usome masafa, umbali na dB (nguvu ya ishara ukilinganisha na kelele). Usishtuke kuona -18, FT8 inasomeka hata hapo. Saa ni UTC (saa ya dunia), na kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna njia ya mkato nzuri sana: toa 3 unapata saa ya Kiswahili (ikizidi 12 toa 12 tena, ikiwa sifuri au chini yake ongeza 12), 15:00 UTC ni saa 12 jioni, 09:00 ni saa 6 mchana.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimerusha mita 10 kutoka Dar, Italia na Ujerumani wamenisikia ila Dodoma hamna kitu, antena yangu mbovu?

Jibu: Antena nzima kaka. Kwanza ramani inaonyesha pale palipo na masikio tu, kama Dodoma hakuna aliyewasha redio na kompyuta hutaona kitu hata ungerusha kilowati. Pili mita 10 inaruka juu inaenda kutua mbali, majirani wa kilomita mia nne inawapita kichwani. Jaribu mita 40 na mwenzako mkipatana saa, hapo ndo utajua.

Swali: Sina leseni, naruhusiwa kutumia hii?

Jibu: Kuangalia ramani angalia hata kwa simu. Kurusha ndo unahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, Tanzania ni TCRA na Kenya ni CA.

Swali: Nimepata kolisaini, nitamjuaje mwenyewe ni nani?

Jibu: Itafute QRZ.com, fungua akaunti ya bure kwanza maana bila kuingia hauoni mengi. Wa Marekani wanapatikana kirahisi, wa huku wengi hawajajaza chochote dada, usishangae ukikuta hamna kitu.

Swali: Mimi nasikiliza tu, nawezaje kuwa hilo sikio?

Jibu: Safi sana, ndo tunachokosa huku. Weka WSJT-X (programu ya kompyuta inayosoma FT8 kutoka kwenye redio), jaza jina lako la msikilizaji na gridi yako, kisha kwenye mipangilio sehemu ya Reporting weka tiki kwenye PSK Reporter. Hakikisha saa ya kompyuta haijapishana hata sekunde 2 maana FT8 inakwenda kwa vipande vya sekunde 15, ikipishana hausomi kitu. Kisha iache redio kwenye 14.074 MHz jioni, baada ya dakika kadhaa tafuta gridi yako kwa "rcvd by" uone.