Kusema unachopenda kwa Kijerumani: „gern“ inakaa wapi?

Mpwa wangu alikuja kwangu Tabata zikiwa zimebaki wiki tatu afanye mtihani wa A1, ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, pale Goethe, kituo cha lugha cha Wajerumani, Upanga. Anataka kwenda Ujerumani kulea watoto, ule mpango wa au pair, na cheti cha lugha ni sharti. Kuhesabu alikuwa anaweza, kutaja jina lake herufi kwa herufi pia. Nikamuuliza swali jepesi kuliko yote, anapenda kufanya nini. Akajibu: „Ich gern kochen.“ Nilicheka, halafu nikaona haya, maana mimi mwenyewe nilijaza daftari zima sentensi za namna hiyo nilipokuwa naanza. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Chagua hobi tatu, basi

Kwenye sehemu ya kwanza ya kuzungumza unapewa karatasi yenye maneno saba ya kukuongoza kujitambulisha, na la mwisho ni Hobby. Usikariri orodha ya hobi arobaini. Chagua tatu unazozifanya kweli: kochen (kupika), tanzen (kucheza muziki), Fußball spielen (kucheza mpira), lesen (kusoma), nähen (kushona). Ukidanganya kwamba unapanda farasi, utaulizwa wapi.

(Kamusi zingine zitakwambia hobby ni uraibu. Huku kwetu ukisema una uraibu, watu watakuonea huruma. Sema hobi.)

Hatua ya 2: Nyambua kitenzi

Ich spiele, du spielst, er spielt. Naamini hii unayo. Angalia tu vinavyobadilika katikati: er liest, sie fährt.

Hatua ya 3: „gern“

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima, kwa hiyo vumilia.

Sisi tuna kitenzi kimoja kinachobeba kila kitu: napenda chai, napenda kuogelea, nalipenda gauni hili, nakupenda. Basi tunatafuta kitenzi kimoja cha Kijerumani cha kufanya kazi hiyo yote. Hakipo. Kwa mambo unayoyafanya, kwa kawaida Mjerumani hatumii kitenzi cha kupenda. Anasema anafanya, kisha anaongeza gern.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba gern ni kielezi. Akanitazama tu. Nikabadilisha: „gern“ ni „kwa raha“. *Ich koche gern*, napika kwa raha. *Ich schwimme gern*, naogelea kwa raha zangu. „Aaa, mjomba, si ungesema hivyo toka jana!“ Ukishaisikia hivyo, huwezi tena kusema „Ich gern kochen“, kwa sababu hata kwa Kiswahili „mimi kwa raha kupika“ ni sentensi iliyovunjika.

Faida nyingine inakuja kwenye kukanusha. *Ich koche nicht gern* haina maana kwamba hupiki. Unapika, ila si kwa raha. Kila anayepika kwa zamu nyumbani kwao anaielewa sentensi hii. „Nicht“ inatangulia „gern“, na kitenzi hakiguswi.

Sasa nafasi. Fikiria siti za daladala. Kwenye sentensi ya kutoa habari, siti ya pili ni ya kitenzi, hata nani apande. *Ich spiele gern Fußball.* Ukianza na siku, siku imekaa siti ya kwanza, kwa hiyo „ich“ anasogea nyuma ya kitenzi: *Am Sonntag spiele ich gern Fußball.* Sisi tumezoea „Jumapili mimi nacheza“, ndiyo maana tunasema „Am Sonntag ich spiele“, na hapo unakosea. Kumbuka „Am Sonntag“ ni maneno mawili lakini abiria mmoja.

Kwenye sentensi hizi za kawaida gern inatangulia kitu: gern Fußball, gern Musik, gern Reis. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana, kitenzi kinahamia mbele: *Spielst du gern Bao?* Ukikuta „gerne“, ni neno lilelile. Kwa sasa mkwepe fernsehen (kutazama televisheni), maana anagawanyika: *Ich sehe gern fern.* Kwa anayeanza, fern na gern zinagongana mdomoni.

Hatua ya 4: Vitu na watu

Kwa nomino tumia mögen: *Ich mag Tee. Ich mag Simba.* (Au Yanga, sina ugomvi.) Utawasikia watu wakiunganisha „ich mag“ na kitenzi. Waache. Wewe kaa na gern mpaka ufaulu. Na usiichanganye na *ich möchte*, hiyo ni „ningependa“, ya kuagizia chai.

Kitu kilichokuvutia machoni, mfano gauni, kina kitenzi chake: *Das Kleid gefällt mir.* Gauni ndilo linalotenda, wewe unatendewa, kama wazee wanavyosema „imempendeza Mungu“.

Hatua ya 5: Kulinganisha

*Ich trinke lieber Tee*, afadhali chai. *Am liebsten tanze ich*, zaidi ya yote nacheza muziki. Siti ya pili, umeona?

Hatua ya 6: Rekodi sauti yako

Programu za simu za kugusagusa picha sizipendi kwa kazi hii. Zinakufundisha kutambua jibu, si kulitoa mdomoni. Nunua daftari, sikiliza masomo ya bure ya Deutsche Welle, halafu ongea. Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kila usiku, sentensi tano, nami nikausikiliza kwenye foleni ya Buguruni asubuhi. Makosa yalikuwa yaleyale: spielen ni „shpilen“, s ya lesen inasikika z, z ya tanzen ni „ts“. Gern, g ya gari, na r usiitetemeshe.

Hatua ya 7: Swali la pili

Ukisema unapika, jiandae kuulizwa *Was kochen Sie gern?* Msimamizi ni Sie, kama mtu unayemwamkia shikamoo. Kijana mwenzako ni du. Andaa jibu ambalo Mjerumani atalielewa: *Reis mit Kokosmilch*, wali wa nazi. Ukitaja bao, ongeza *Das ist ein Spiel aus Ostafrika*, ni mchezo wa Afrika Mashariki. Mpwa wangu nilimjaribu tukiwa kibarazani: anapika nini? „Ich koche gern Reis mit Kokosmilch.“ Na vyombo, nani anaosha? Akafikiri kidogo. „Ich. Aber nicht gern.“