Jinsi ya kuchora miraba inayokunjika machoni

Mchoraji Mwingereza Bridget Riley alipochora picha yake Movement in Squares mwaka 1961, alitumia umbo moja tu la mraba na rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Kimo cha miraba hiyo hakibadiliki popote. Kinachobadilika ni upana, ambao hupungua safu baada ya safu hadi miraba inakuwa vijiti vyembamba upande wa kulia wa katikati ya picha, kisha hupanuka tena. Ubao ulio bapa kabisa huonekana umezama ndani kama mahali kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa zinapokutana. Hivi karibuni nilimsaidia mwanafunzi mmoja kutengeneza zoezi linalofuata kanuni hiyo, na kwa kuwa alikwama palepale nilipokwama mimi miaka iliyopita, nimeona niandike hatua zote.

Hatua ya 1: Ubao. Kata hardibodi ya sentimita 60 kwa 60, ipige msasa, kisha ipake rangi nyeupe isiyong'aa mara mbili. Turubai siipendekezi kwa kazi hii, kwa sababu nyuzi zake huvuruga kingo.

Hatua ya 2: Safu za mlalo. Piga mistari ya mlalo kila baada ya sentimita 6, upate safu 10.

Hatua ya 3: Safu za wima. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mara ya kwanza nilipunguza upana wa kila safu kwa kiasi kilekile, nikiamini kwamba kupungua kwa utaratibu kunatosha. Nilimaliza ubao mzima, nikautazama, na hapakuwa na mkunjo wowote. Palikuwa na ubao ulioinama kama paa la bati. Sababu yake utaielewa ukitazama bomba lililochorwa mistari ya wima yenye nafasi sawa: katikati ya bomba nafasi zinaonekana karibu sawa, lakini zikifika ukingoni, pale bomba linapogeuka na kutukimbia, zinabanana kwa ghafla. Jicho limezoea mabadiliko ya namna hiyo, yanayoanza polepole na kumalizikia kwa kasi, na linapoyaona kwenye ubao bapa husoma mviringo mahali pasipo na mviringo.

Njia ninayoiamini ni ya bikari, na wala haihitaji kompyuta. Kwenye karatasi kubwa chora mstari wa msingi wa sentimita 36. Weka ncha ya bikari kwenye mwisho wa kushoto wa mstari huo, uchore robo duara yenye nusukipenyo cha sentimita 36, kuanzia juu kabisa ya ncha hiyo hadi mwisho wa kulia. Bikari ya shule haifiki urefu huo, kwa hiyo tumia ufito mwembamba wenye matundu mawili, moja la msumari na moja la penseli. Uzi usitumie, kwa kuwa hunyumbuka. Gawanya robo duara sehemu 9 za nyuzi 10 kila moja, kisha kutoka kila nukta shusha mstari wima hadi kwenye msingi. Mahali mistari inapogusa msingi ndipo mipaka ya safu zako ilipo. Kwa upande wa kulia wa mkunjo fanya vivyo hivyo kwa kinyume, kwa nusukipenyo cha sentimita 24 na sehemu 6 za nyuzi 15.

Ukipima kutoka ukingo wa kushoto wa ubao, mipaka itaangukia kwenye sentimita 6.3, 12.3, 18.0, 23.1, 27.6, 31.2, 33.8, 35.5 na 36.0, ambapo ndipo penye mkunjo, kisha 36.8, 39.2, 43.0, 48.0, 53.8 na 60.0. Nasisitiza kupima kila mpaka kutoka ukingo uleule wa kushoto. Mwanafunzi wangu alipima upana wa safu moja, akaanzia hapo kupima inayofuata, na kosa la nusu milimita likajirudia katika kila safu hadi safu iliyo kwenye mkunjo, ambayo upana wake ni milimita 5 tu, karibu ikose nafasi kabisa. Weka alama hizo juu na chini ya ubao, uziunganishe kwa rula ndefu ya chuma, na uthibitishe kwa skwea ya seremala kwamba kila mstari umesimama wima.

Hatua ya 4: Alama. Tia alama ndogo ya X kwa penseli katika kila kisanduku kitakachokuwa cheusi, ukipishana kama ubao wa drafti. Usiiruke hatua hii, kwani karibu na mkunjo macho yatakudanganya wewe mchoraji kabla ya kumdanganya mtazamaji.

Hatua ya 5: Rangi nyeusi. Riley alitumia tempera, aina ya rangi ambayo ikikauka haing'ai. Akriliki isiyong'aa inafaa pia. Rangi ya mng'aro huakisi mwanga wa dirisha, na mtazamaji akishaona mwako huo anakumbuka kwamba uso ni bapa, na kiinimacho kinakufa. Visanduku vipana unaweza kuvizungushia tepu ya karatasi, mradi kwanza upitishe rangi nyeupe kwenye ukingo wa tepu ili nyeusi isipenye chini yake. Vile vyembamba vipake kwa mkono, kwa brashi bapa iliyo nyembamba kuliko kisanduku, ukianza na vya kwenye mkunjo wakati mkono wako haujachoka. Pumzika mara kwa mara, kwa kuwa mistari iliyobanana ya nyeusi na nyeupe huumiza kichwa, na mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga asiifanye kazi hii.

Hatua ya 6: Ukaguzi. Simamisha ubao ukutani, urudi nyuma mita 3. Mkunjo ukionekana kukatika mahali, tafuta kisanduku kilichovuka mpaka wake, ukirekebishe kwa rangi nyeupe, kisha utazame tena kutoka palepale.