Gari lilipimwa Dar, huku Tabora hospawa zimepungua: piga hesabu ya hewa kwanza

Mtu kapima gari kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) Dar kapewa karatasi yake, akipima tena huku Tabora namba imeshuka anaanza kushuku pampu, plagi, mara fundi kanibadilishia kitu. Ndugu yangu subiri kwanza, huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabochaja (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) inavuta oksijeni kidogo lazima nguvu ipungue.

Pima vitu vitatu muda uleule unaopima nguvu. Joto, lipime pale hewa inapoingilia ea klina, sio chini ya mwembe. Unyevu wa hewa. Halafu presha, na hapa ndo wengi wanapotea kabisa, maana apu ya hali ya hewa inakuonyesha 1013 hivi, hiyo imeshageuzwa iwe ya usawa wa bahari, presha halisi ya Tabora inacheza kwenye milibari 880. Kama gari lako lina sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini) chomeka kifaa cha OBD (kile kinachosoma kompyuta ya gari), washa swichi bila kuwasha injini, ikisoma kPa 88 ndo milibari 880 hizo.

Sasa hesabu ya SAE J1349, kanuni ya kurekebisha nguvu ya injini kulingana na hali ya hewa. Tuseme joto 30, unyevu asilimia 40. Hewa ya joto 30 ikishiba mvuke inabeba milibari 42, asilimia 40 yake ni 17, toa kwenye 880 inabaki 863, hiyo ndo presha kavu. 990 gawanya kwa 863, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 303/298 (303 ni joto lako jumlisha 273), zidisha 1.18, toa 0.18. Unapata 1.185, hicho ndo kizidisho chako. Kwahiyo hospawa 80 za hapa ni kama 95. Ukiweka ile 1013 ya apu unapata 1.003 tu, yani unabaki na 80 zako na unafungua injini nzima bure!

Wa Kigoma, ziwa liko kama mita 770, presha inakaa kwenye 920 kwahiyo kizidisho chenu ni kidogo, ila unyevu msiuruke.

Yenye tabochaja usiipigie hesabu hii, tabo yenyewe inafidia presha utapata namba ya uongo. Na karatasi ya Dar angalia imeandikwa SAE au STD (kanuni nyingine ya kurekebisha), STD inazidi kwa kama asilimia 4. Halafu ISO 1585, kanuni ya kimataifa ya kupima nguvu ya injini, wanataka kizidisho kisivuke 1.07, sisi tumeshavuka mbali, kwahiyo chukulia 95 ni makadirio na andika joto na presha pembeni. Rudia asubuhi na mchana, majibu baada ya hesabu yakikaribiana na ya Dar injini ni nzima, yakiwa chini sana hapo sasa muite fundi.