Kukokotoa entalpi kwa jiko la mkaa na sufuria ya chumvi

Bibi yangu mzaa mama alipika chumvi Uvinza. Maji ya chumvi yanabubujika yenyewe kutoka ardhini. Kazi ni kuyachemsha mpaka yakauke, chumvi ibaki. Alikuwa akituambia kuwa kuchemsha si kazi, kuni zinaishia kwenye kukausha. Siku hizi nafundisha kemia kidato cha tano hapa Kigoma, na mada ya entalpi, yaani hesabu ya joto linaloingia au kutoka kitu kinapobadilika, naianzia kwenye sufuria yake, maana maneno yale yanakokotoleka.

Chukua kilo moja ya maji ya nyuzi 25. Chumvi tuiache kwanza. Ufuko wa ziwa letu uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Kabla hujashika kikokotoo, chora njia:

maji (25) → maji (97) → mvuke (97)

Kila mshale una hesabu yake. Wa kwanza, halijoto inapanda, na gramu moja ya maji inadai juli 4.18 kwa kila nyuzi: gramu 1,000 × 4.18 × 72 = juli 300,960, sawa na kilojuli 301. Wa pili, halijoto haisogei hata nyuzi moja, kwa hiyo usihangaike kutafuta ongezeko. Zidisha kilo kwa joto fiche la mvuke, yaani joto la kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke, kama kilojuli 2,260. Jumla ni 2,561. Tazama sasa: kukausha kumekula mara saba na nusu ya kuchemsha. Bibi hakukosea.

Maji yamepokea joto, basi alama ya entalpi ni chanya. Mvuke ukirudi kuwa maji, namba ni ileile, alama inakuwa hasi. Joto hilo linaishia kwenye ngozi yako ukifunua mfuniko vibaya, ndiyo maana mvuke unababua kuliko maji ya moto.

Joto lenyewe linatoka kwenye mkaa. Tuuchukulie kuwa ni kaboni tupu, tuipime kwa moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe:

C + O₂ → CO₂, −393.5 kJ kwa moli

Moli ya kaboni ni gramu 12, kwa hiyo gramu moja inatoa kilojuli 32.8. Gawanya 2,561 kwa 32.8 upate gramu 78. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Jikoni utatumia zaidi sana, kwani joto jingi linapotelea hewani.

Na jiko likikosa hewa? Kaboni inaishia CO, yaani kaboni monoksidi. Kupima joto la hatua hiyo peke yake ni vigumu, kwa sababu sehemu ya kaboni inapitiliza mpaka CO₂. Hapa ndipo tunamshukuru mwanakemia Germain Hess, aliyeonyesha mwaka 1840 kwamba jumla ya joto haitegemei njia uliyopita. CO ikiungua kuwa CO₂ inatoa −283.0. Igeuze nyuma, iwe +283.0, ujumlishe na −393.5: unabaki na −110.5, ndilo joto la kaboni kuishia CO. Joto halifiki hata theluthi, na gesi yenyewe inaua. Tafadhali, usilale na jiko la mkaa chumbani.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la kutoandika hali ya kitu. Mimi nilipoteza alama kwalo nilipokuwa mwanafunzi, na bado naliona kwenye madaftari kila muhula. Haidrojeni ikiungua, maji yakiwa kimiminika ni −285.8; yakiwa mvuke ni −241.8. Usipoandika (l), yaani kimiminika, au (g), yaani gesi, baada ya H₂O, hujui unachukua namba ipi.

Tofauti yake ni kilojuli 44, na hizo ni za kugeuza moli moja ya maji, gramu 18, kuwa mvuke. Zipeleke kwenye kilo: 2,444. Zimezidi zile 2,260 za sufuria kwa sababu namba hizo mbili za haidrojeni, zitokazo kwenye majedwali ya kemia, ni za nyuzi 25, na maji ya baridi yanadai joto zaidi ili yawe mvuke.